Fungu la Mgeni

Haya yalitokea nyumbani kwangu, chumba cha mbele, mchana kweupe. Atakayesema nimezeeka na aseme. Macho ninayo, na kusoma najua, polepole, kwa kidole.

Mjukuu wangu alihamia kwangu baada ya kumzika mama yake. Hana rafiki, hana mchumba, ana kompyuta. Kutwa alikuwa anakusanya kurasa nzuri za mtandaoni na kuzipanga kwenye orodha ambayo mtu yeyote duniani angeweza kuitazama. Fungu la ushonaji, fungu la mimea, fungu la kutengeneza vyombo vilivyoharibika. Chini ya kila linki aliandika maneno machache: maelezo yanaeleweka, picha ni safi.

"Na hao wanaotazama, wanakusalimia?" nilimuuliza.

"Hawasalimii, Bibi. Wanatazama tu."

"Basi hawana tofauti na wachungulia madirisha."

Akacheka. Hakuwa mtu wa kucheka.

Nadhani upweke ndio uliomponza. Siku moja aliifungua orodha yake ili kila apitaye aweze kuongeza linki zake. Wiki nzima kimya. Jumatatu, tukinywa chai, akaingia mmoja asiye na jina. Aliacha linki tatu. Kila moja ilifungua picha ya chumba, na ndani yake mtu mmoja amekaa, amepigwa picha kwa nyuma. Chini kuna maneno machache, kwa mtindo uleule wa mjukuu wangu: Anakaa peke yake. Hana kelele.

Mtu mwingine angefuta. Huyu wangu hawezi kuona kitu kimetupwa ovyo. Hata vijiko huvipanga kwa urefu. Akazitengenezea linki zile fungu lao, akaliita Vyumba vya Mgeni.

"Umemkaribisha mtu usiyemjua," nikamwambia, "na kitanda umemtandikia."

"Ni fungu tu, Bibi."

Kesho yake linki zilikuwa kumi na moja. Ile ya mwisho niliitambua mimi. Shingo nene, utepe wa kupimia begani. Fundi cherehani wa nyumba ya tatu, mjane, mbishi kunishinda. Chini yake: Yuko peke yake kuanzia saa nane.

Saa nane na nusu nikaenda kumtania kwamba amekuwa maarufu. Mlango ulikuwa wazi. Gauni la mteja lilikuwa chini ya sindano, limeshonwa nusu. Fundi hakuwepo.

Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka.

Polisi walisema amesafiri. Viatu vyake vyote vilikuwa mlangoni.

"Futa," nikamwambia mjukuu wangu.

Akafuta fungu zima. Likarudi. Akafuta tena. Likarudi na linki ya kumi na mbili.

Tukaifungua. Pazia langu. Meza yangu. Mgongo wake yeye, na nywele alizosuka jana yake. Tukageuka kutazama picha ilikopigiwa. Nyuma ya kiti chake pana ukuta. Ukuta mtupu.

Chini: Yuko peke yake bibi akitoka.

"Bibi," akanong'ona, "usitoke."

Sikutoka. Siku mbili nilimfuata mpaka chooni. Lakini mimi ni mzee, nasinzia kama kuku, na niliona wazi kwamba mgeni yule hachukui aliye na wenzake. Nikampigia simu shangazi yake, mwenye watoto saba, na wakwe humohumo. Akaja na mabinti zake wawili kumchukua.

"Na wewe?" mjukuu akaniuliza.

"Mimi nani atanitaka? Funga mzigo. Kule hata kulia hutaweza bila watu watano kukuuliza unalilia nini."

Siku ya tatu akapiga simu. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombana. Nilifurahi kuwasikia.

"Bibi, linki yangu imetoweka kwenye orodha."

"Vizuri."

Akavuta kamasi.

"Imeingia nyingine?" nikauliza.

"Njoo huku, Bibi. Njoo leo."

"Ili nimwonyeshe mgeni wako njia ya huko? Kaa na wenzako."

Nikakata kabla hajaanza kulia. Sipendi kuliliwa ningali nasikia.

Jioni ile nikaona doa la unyevu ukutani, nyuma ya kiti. Dogo, la mviringo, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Nikalifuta. Likarudi. Nikapaka chokaa mara mbili, nikalala.

Leo mchana limetokea juu ya chokaa. Lakini limeshuka, kiasi cha kiganja. Mjukuu wangu ni mrefu, mimi ni mfupi. Nimekaa kitini, nikapima kwa mkono. Liko sawasawa na kisogo changu.

Nimeligusa. Lina joto.