Korosho za Darasa la Juu

Wanakijiji wenzangu, nilianza kuona kitu kidogo tu: korosho moja ghafi, imenasa chini ya mlango wa darasa la juu. Asubuhi ilikuwa tulivu. Sisi wa darasa la sita tulikuwa tukifagia uwanja.

Darasa lile mnalijua. Mlilijenga wenyewe kwenye mwinuko baada ya mto Ruvuma kutuingilia, ili mvua zikizidi, vitabu na madawati vipandishwe huko. Sasa lilijaa magunia ya korosho ya baba yangu, mzee Dercio, mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa anangoja bei ipande.

Machi ikanyesha siku tatu mfululizo. Mwalimu Mwaisha akaja kwetu amelowa chapachapa, nyuma yake wanafunzi wamejitwika vitabu, wamevifunika kwa nailoni.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba ufunguo wa juu. Maji yamefika uwanjani."

"Marahaba. Ufunguo umepotea."

"Basi tuvunje kufuli."

"Uvunje mali ya kijiji? Wewe mtu wa Mikindani, Ruvuma umeijulia wapi? Mimi nimezaliwa hapa. Hayo maji yana miguu, yaingie darasani?"

Baba akacheka. Wazee wawili waliokaa naye barazani nao wakacheka. Walicheka, jamani, mbele ya watoto wanaotetemeka kwa baridi! Vitabu vikarudishwa bondeni.

Kesho yake vilikuwa uji. Madawati tuliyakuta mikokoni. Korosho hazikuloa hata moja.

Shule ilifungwa hadi Agosti. Ilipofunguliwa, tukaambiwa turudie mwaka.

"Urudie ya nini?" baba akaniambia. "Bei yenyewe haikupanda. Kaa ubangue."

Nikakaa. Ndugu msomaji, ngozi ya vidole vyangu imeungua kwa mafuta ya maganda ya korosho zilezile.

FUNZO

Chumba kilichojengwa kwa ajili ya mafuriko kisiwe ghala la mtu. Ufunguo wake wawe nao watu watatu, na watoto wafanye zoezi la kuhamisha vitabu kabla ya mvua. Kiongozi anayekausha mali yake na kulowesha vitabu vya watoto ni wa kutemewa mate. Na anayejua akanyamaza, naye amefunga mlango.

Hili sijawahi kulitamka. Ufunguo haukupotea. Baba alinipa mimi, kwa kuwa sina maneno. Mwalimu alipouomba, nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu.