Saa Nane ya Kigali

Stendi ya Kahama ilikuwa imefurika siku ile gunia la Asteria lilipopasuka. Mchele ulimwagika katikati ya mabasi mawili, wapita njia wakaukanyaga kama kokoto. Mwanamume mmoja, shati lake la bluu limenyooshwa vizuri kwa pasi, aliweka mkoba chini, akachuchumaa na kuanza kuuzoa kwa viganja.

"Acha tu, baba, utachafuka," Asteria alimwambia.

"Mchele huu nauachaje? Hata ukiwa na mchanga nitakuja kuula kwako."

"Kwangu nani kakukaribisha?"

"Gunia lenyewe."

Asteria alicheka kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu amzike mumewe miaka sita nyuma. Mwanamume huyo alikuwa Magesa, fundi wa pampu za maji kwenye migodi midogo ya Masumbwe, naye alikuwa amefiwa na mkewe. Kuanzia hapo simu hazikukoma. Alipiga hata mashine zikinguruma nyuma yake.

"Umekula, kipenzi?"

"Usiniite kipenzi, wateja wanasikia."

"Basi waambie wanunue mchele waondoke!"

Miaka sitini ilipokaribia, Asteria alimwambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kuisherehekea siku yake. Amewapikia wengine, amewachinjia wengine, yeye bado.

"Twende Kigali," Magesa alisema. "Basi linapita hapahapa. Vyumba viwili, tule, tuuone mji, turudi."

Shemeji yake, Donatus, alipopata habari alikuja asubuhi na mapema, akakataa chai.

"Mama Sesilia, mke wa kaka yangu havuki mpaka na mwanamume wa barabarani. Ukivuka Rusumo, usitegemee kuzikwa kando ya marehemu. Ukoo umeshasema."

Sesilia, binti yake wa pekee, alisimama nyuma ya baba yake mdogo bila kuinua macho. Hilo ndilo lililomchoma Asteria kuliko kaburi.

"Shemeji," alijibu taratibu, "mimi naenda kula. Siendi kufa."

Lakini ndani ya basi hakulala. Kama huyu Magesa ni mtu wa maneno matupu, basi amepoteza ukoo na mwana kwa ajili ya safari ya siku tatu.

Kigali iliwapokea kwa vilima juu ya vilima, na barabara zilizofagiliwa kama ua wa bibi harusi. Jumamosi, siku yenyewe ya kuzaliwa, walikunywa mtindi mzito kwenye kibanda cha maziwa. Magesa alikunywa vikombe vitatu, akabaki na masharubu meupe, Asteria akamfuta kwa upindo wa kanga.

"Nina kazi ndogo mjini," Magesa alisema. "Tukutane saa nane Nyamirambo, pale kwenye mbuzi wa kuchoma."

Asteria alisuka nywele, akavaa gauni la kitenge cha njano, akafika. Saa yake ya mkononi ilionyesha saa nane kasoro dakika tano. Mwenye mkahawa, mama mmoja mnene aitwaye Generosa, alimsogezea kiti kivulini bila kuombwa. Saa nane ikapita. Robo. Nusu. Akapiga simu.

"Uko wapi wewe?"

"Mjini, mama. Mbona sauti kali?"

"Saa nane umeisahau?"

"Si bado? Tulia, kipenzi, nitafika kwa wakati."

"Unanicheka, Magesa? Hata saa huijui?"

Akakata. Alipopigiwa hakupokea. Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Sesilia.

"Mama, uko na nani?"

"Peke yangu."

Simu ikanyakuliwa. "Nilisema!" Donatus alifoka. "Ameshakuacha! Panda basi la leo. Ukirudi leo tutakusamehe."

Asteria alitazama barabara inayoteremka kilimani. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Hajafika," alisema. "Na asipofika, nitakula. Nitakula mbuzi, nitakula samaki, na ndizi za kuchoma. Nina miaka sitini, shemeji, wala sina kosa la kusamehewa. Hilo kaburi lipandeni viazi."

Akaizima ile sauti, akamwita Generosa na kuagiza vyote alivyovitaja.

"Vya watu wawili?"

"Vya mtu mmoja mwenye hasira. Amenikalisha saa nzima."

Generosa aliinama, akaitazama ile saa ya mkononi, akaangua kicheko. "Mama, hii ni saa ya Tanzania! Kwetu tuko nyuma kwa saa moja. Sasa hivi ni saa saba na dakika hamsini."

Asteria alijishika kichwa. Simu ya Magesa ilikuwa imejibadilisha saa yenyewe mpakani. Saa yake yeye, ya mishale, ingeambiwa na nani?

Saa nane kamili ya Kigali, Magesa alishuka kwenye pikipiki, helmeti kichwani, boksi limekumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Nimekosa nini, mpenzi? Niambie, nitaomba radhi hata kwa nisichokijua."

"Kaa chini. Mwenye kosa ni mimi, na sitarudia kulisema."

Ndani ya boksi kulikuwa na keki. Juu yake hapakuandikwa Mama Sesilia. Paliandikwa ASTERIA, herufi kubwa. Ndiyo ile kazi ndogo ya mjini.

"Nataka kukuoa," Magesa alisema, jasho likimtiririka. "Najua shemeji yako hataki."

Kabla hajajibiwa, simu iliita. Sesilia alikuwa ananong'ona.

"Mama, shikamoo. Baba mdogo ametoka barazani kwa hasira. Nimejificha jikoni."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia ulivyomjibu. Heri ya siku yako. Amefika?"

"Amefika."

"Mkirudi nataka kuwapikia. Huyo mzee anapenda nini?"

Asteria alimtazama Magesa, aliyekuwa amesahau hata kuvua helmeti.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Na umsalimie vizuri, ni baba yako sasa."

Akampa simu.

"Shikamoo, baba," sauti ya Sesilia ilisikika.

Magesa alifungua mdomo mara mbili kabla marahaba haijatoka.