Shikamoo ya Shambani kwa Isihaka

Jumanne, tarehe 18 Julai 2023, mimi, Melkiori Adrian Mkude, karani mstaafu wa masjala na mkazi wa Visiga, nilikuwa natoka kuchimba mihogo katika kishamba changu cha Mzenga. Jua lilikuwa linazama. Njia ya mkato hupita ubavuni mwa shamba la pamba la Isihaka.

Desturi ya hapo ilijulikana: geuza uso, usitazame, usiitikie sauti yoyote. Isihaka mwenyewe ndiye aliyeeneza kwamba pamba yake huchumwa na misukule, wafu aliowafufua kwa uchawi, na kwamba anayewaitikia huongezwa kwenye safu yao. Lango alilifunga kwa kufuli. Wafu wa kufungiwa kwa kufuli! Hakuna aliyeuliza, hata mimi niliyefaulu darasa la nane mwaka 1967.

"Shingo, mzee Mkude," alininong'oneza Vicent, mlinzi wa shamba jirani. "Hiyo yako huchelewa kugeuka."

Niligeuza shingo.

Kisha nikasikia kikohozi.

Kidogo... kikavu... cha kifua cha mtoto. Harufu ya dawa ya wadudu ilinikaba koo.

"Shikamoo, babu."

Nimelelewa kwamba shikamoo ya mtoto haiachwi ianguke chini. Ulimi ulitangulia akili.

"Marahaba."

Vicent alikimbia. Mimi nikatazama.

Walikuwa watoto. Nyuso zimepakwa unga, mifuko ya pamba imewaning'inia shingoni, vidole vimechanika. Binti wa miaka kumi hivi alipenya kwenye ua, akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

"Unaitwa nani?"

"Nuria wa Mwamvita, wa Dutumi. Isihaka alimwambia mama ananipeleka shule."

"Mbona hamkukimbia?"

"Tukikimbilia watu, watu wanatukimbia."

Niliwahesabu: saba. Nuria alituonyesha pengo la ua, akatangulia gizani akijua kila mfereji. Tulipofika barabarani, mkono wangu ulikuwa mtupu.

Kwenye kituo cha polisi waliandikwa watoto sita.

"Nuria yuko wapi?" niliuliza.

Mkubwa wao, Hashiru, alinikazia macho.

"Nuria alikufa Jumatatu ya Pasaka, babu. Yuko mwisho wa safu. Kule njiani ulikuwa unaongea na nani?"

Polisi walichimba mwisho wa safu. Walimkuta. Mwamvita alikuja kumchukua akiwa na sare ya shule, imekunjwa, haijavaliwa hata siku moja. Isihaka yuko rumande.

Siku hizi Vicent huwasimulia watu kwamba binti yule alikufa kimya, na kwamba hapakuwa na mtu ambaye angeweza kujua. Si kweli. Mimi huandika shajara kila siku. Ukurasa wa Jumatatu, tarehe 10 Aprili 2023, unasema hivi, kwa mwandiko wangu:

"Magharibi, Mzenga. Sauti ya mtoto imeniamkia mara tatu kutoka shamba la Isihaka. Sikuitikia."