Taulo Juu ya Sola

Kinyozi alifungua duka lake mapema. Alifagia nywele za jana, akafua taulo sita. Kisha akapanda ngazi, akazianika juu ya paa. Kamba ya kuanikia hakuwa nayo, na wala hakuihitaji. Kama alivyozoea, alizitandaza juu ya paneli ya sola, maana hapo ndipo palipokuwa na joto kuliko pote.

"Akili ni mali," alijisifu huku akishuka.

Lakini mwezi mzima sasa mashine yake ya kunyolea ilikuwa na maradhi. Asubuhi ilinguruma vizuri. Baada ya vichwa viwili ilianza kukohoa. Kwenye cha tatu ilizimika. Betri ya sola haikujaa hata siku moja. Wateja walianza kuvuka barabara kwenda kwa kinyozi mwingine.

"Paneli imezeeka," alimwambia mkewe. "Nimeisugua kwa mchanga na waya wa kusugulia sufuria, wapi!"

"Labda umeisugua mpaka umeme ukatoka," mkewe alijibu.

Wiki hiyo binti yao alikuwa nyumbani likizo. Alikuwa chuo kikuu, mwaka wa tatu wa utafiti wa shahada ya uzamivu, ile inayomfanya mtu aitwe daktari. Kinyozi alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ni daktari. Daktari wa nini, hakusema. Hata yeye hakujua.

Basi binti alipoingia dukani asubuhi hiyo, alimkuta jirani amekaa kwenye benchi, suruali ameikunja mpaka juu ya goti.

"Daktari, goti hili halinipi usingizi."

"Shikamoo, mzee. Pole sana. Nenda zahanati wakuangalie. Mimi si daktari wa watu. Ninachunguza sola."

Jirani alikunjua suruali yake polepole. Akamtazama Kinyozi kwa jicho la pembeni.

"Kumbe sola nazo huugua?"

"Ya duka hili iko mahututi," alisema mama wa binti kutoka mlangoni.

Jirani akaondoka anachechemea. Mara akaingia Karani, mbio mbio. Saa nane mchana alikuwa na usaili wa kazi mpya.

"Ninyoe vizuri, bwana. Leo ndiyo leo."

Kinyozi akaanza upande wa kulia. Ulipokwisha, mashine ikakohoa. Ikazimika. Karani akajitazama kwenye kioo. Kulia uwanja, kushoto msitu.

"Kinyozi! Nitakwendaje mbele ya watu hivi?"

"Tulia, ndugu yangu. Geuza shingo kidogo, wataona upande mmoja tu."

"Usaili mzima nikae ubavu?"

Kinyozi alitokwa na jasho. Binti alichukua kipima umeme kwenye mkoba wake, akamwomba mama amshikie ngazi, akapanda. Baba yake akamfuata. Kufika juu, binti akashika kiuno.

"Baba! Nani kaivalisha paneli nguo?"

"Hizo ni taulo tu, mwanangu. Zinakauka upesi sana hapo."

"Zinakauka kwa jua ambalo paneli ilipaswa kulila. Paneli hula mwanga. Ukiifunika, inashinda njaa."

Akatoa taulo zote. Akaunganisha kipima umeme, nambari ikapanda. Kisha akarudisha taulo moja tu. Nambari ikaporomoka.

"Lakini sehemu kubwa iko wazi!" Kinyozi alishangaa.

"Ndani yake kuna vipande vingi vilivyoungana, Baba. Ni kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Mmoja akisinzia, ndoo zinakwama kwa wote."

Kinyozi akaiondoa taulo, akaweka kofia yake. Nambari ikashuka. Akaitoa, ikapanda. Akaweka kiganja. Akacheka peke yake kama mtoto.

"Jamani!" Karani alipaza sauti kutoka chini. "Mimi huku ni nusu mtu!"

Binti alipitisha kidole juu ya kioo cha paneli. Kilikuwa na mikwaruzo.

"Hii ni kazi ya mchanga na waya. Mikwaruzo huzuia mwanga, nayo haifutiki tena. Osha kwa maji safi na kitambaa laini. Osha asubuhi, kioo kikiwa bado cha baridi. Maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua."

"Na haya ndiyo unayosomea miaka yote hiyo?"

"Mimi natengeneza sola za aina nyingine. Napaka kioo utando mwembamba sana. Utando huo ndio unaogeuza mwanga kuwa umeme. Unywele mmoja ni mnene kuliko huo kwa makumi ya mara."

Nywele Kinyozi alizijua. Miaka ishirini alikuwa akizishika kila siku.

"Sasa unaushikaje?"

"Siushiki. Hata chembe ya vumbi ikidondoka, kipande kinaharibika. Nimeshaharibu mia mbili."

"Mia mbili! Na hawajakufukuza?"

"Kila kinachoharibika kinanifundisha kitu, Baba."

Walizima redio na feni, betri ipate kupumua. Jua lilikuwa kali. Kufika saa sita na nusu, mashine ilinguruma tena. Karani akamaliziwa kichwa, akatoka mbio na shuka la kinyozi likiwa bado shingoni. Mama akamkimbiza mpaka kona ya barabara kulichukua.

Jioni hiyo hiyo Kinyozi alifunga kamba ya kuanikia nyuma ya duka. Tangu hapo huosha paneli kila wiki kwa kitambaa laini. Umeme haukurudi wote, kwa sababu ya ile mikwaruzo. Hata hivyo vichwa kumi kwa siku vinanyolewa bila mashine kukohoa. Wateja wamerudi.

Binti naye alirudi chuoni. Zamani kila alipopiga simu, baba yake aliuliza, "Umekula?" kisha akampa mama simu. Jumamosi moja alipopiga, Kinyozi hakumpa mkewe simu.

"Mwanangu, kioo chako cha wiki hii kimekuwaje? Utando umeshika? Vumbi halikuingia?"

"Umeshika, Baba. Kimetoa umeme mwingi kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza."

Kinyozi akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Hebu nieleze," alisema. "Polepole. Anzia mwanzo."