Uwanja wa Mwanga Mpya

Wiki ile ile kibao kipya kilipotundikwa kwenye lango la uwanja wa farasi, Bi Mdogo aliitika bila kuitwa. Alikuwa jikoni anasugua sufuria, jua limesimama utosini, mara akaacha kusugua, akageukia mlango na kusema, "Abee!" Alisema kwa adabu, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Wifi yake, aliyekuwa mezani anachambua mchele, akamuuliza kaitwa na nani. Bi Mdogo akajibu kwamba kaitwa na mumewe. Wifi akamkumbusha kuwa mumewe yuko kazini tangu asubuhi. Basi akarudia sufuria yake, akaisugua kwa nguvu zaidi, na siku ile mambo yakaishia hapo.

Mume huyo alikuwa meneja wa uwanja, mahali ambapo watoto wa mji walifundishwa kupanda farasi, na ambapo kila mwaka watu walijazana kutazama mashindano ya kuruka viunzi. Aliyeuanzisha ni mke wake wa kwanza, mwanamke mwenye sauti iliyovuka uzio, na wafanyakazi walimwita Bi Mkubwa kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alipofariki kwa maradhi, jina likapanda langoni: Uwanja wa Farasi wa Bi Mkubwa. Meneja akakaa mgane miaka kadhaa, kisha akaoa.

Mke mpya aliingia nyumba isiyo na mke mwenza, akitumaini kuwa mke, basi. Lakini mji ukitaka kukupa jina haukuombi ruhusa. Kama Bi Mkubwa yuko langoni, huyu aliyekuja nyuma ni Bi Mdogo, na hata muuza mkaa alimwita hivyo. "Mdogo wa nani?" alikuwa akiuliza, na watu wakicheka wakidhani anatania. Hakutania. Aliona wivu, tena wivu wa kumkosesha usingizi. Mke mwenza ni mke mwenza hata akiwa kaburini, na huyo wa kaburini ndiye mbaya zaidi, maana hazeeki, hakosei, wala haunguzi mboga.

Kwa hiyo alianza maneno ya kitandani, yale ya kumwambia mume taa ikishazimwa. Jina la marehemu linafukuza wafadhili. Jina la marehemu linatisha watoto. Meneja alikuwa mtu wa kuchoka haraka, akalipeleka suala kwenye kamati ya uwanja, na kamati ikagawanyika kama kuni. Kina mama waliokuwa wakipeana zamu ya kuleta watoto mazoezini wakaacha kusalimiana. Mwenye duka la mbele ya lango aliandika jina la zamani kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wake mwenyewe, akasema huo ni ukuta wake, aje mtu aufute. Wifi naye hakususa. Alifanya baya zaidi, alikuja kila siku, akakaa jikoni na kununa.

Bi Mdogo alishinda. Jina jipya alilichagua yeye: Mwanga Mpya. Alikuwa anafikiria mapambazuko. Katika kamati nzima hakuna aliyekumbuka kwamba mwanga ni nuru, lakini pia ni yule mchawi anayecheza uchi usiku kwenye vizingiti vya watu. Mji ulikumbuka kabla rangi haijakauka. Saisi wa uwanja, mtunza farasi mwenye ulimi wa pilipili, alisimama chini ya kibao akakisoma kwa sauti, akasema wanga wa zamani tunawajua kwa sura, huyu mpya ndiye wa kuogopwa. Watu walicheka wiki nzima. Bi Mdogo alivumilia, kwa kuwa cheko hupita na kibao hubaki.

Kilichomshinda ni harufu. Ilianza kwenye kanga, ikahamia kwenye mto wake wa kulalia: jasho la farasi, na ile sabuni nzito ya kusugulia matandiko ya ngozi. Bi Mdogo aliogopa farasi, hakuwahi kumgusa hata mmoja. Alifua, akaanika, akafua tena. Mto wa mumewe haukunuka kitu. Wa kwake ulinuka kana kwamba amelala zizini, na Wifi, aliyeingia kumsaidia kutandika, aliuweka puani, akaurudisha kitandani, machozi yakamlengalenga. Aliijua harufu ile.

Kisha zikaja kwato. Hazikuja usiku, maana usiku nyumba ilikuwa kimya, ila Meneja akikoroma. Zilikuja adhuhuri, vivuli vikiwa vimejikunja chini ya miguu ya watu, saa ambayo wazee hukataza watoto kuzurura. Kwato moja kwenye saruji ya ukumbi wa nyuma. Halafu kimya. Halafu nyingine. Hazikukimbia, zilitembea kwa subira, zikasimama nyuma ya pazia la jikoni, na hapo Bi Mdogo akasikia pumzi ndefu ikipulizwa puani, akaona pazia linavimba kuelekea kwake na kulowa katikati, na alipolivuta hakukuta kitu ila joto, joto la mnyama mkubwa aliyekuwa amesimama pale sasa hivi na ambaye, kwa jinsi lile joto lilivyosogea, alikuwa ameshaingia ndani.

Tangu siku hiyo alianza kupotewa na saa. Alikuwa akijinyoosha kidogo baada ya kazi za asubuhi, akiamka ni alasiri, mapaja yanamuuma na chini ya kucha kuna unga wa mbao, ule unaomwagwa kwenye mabanda. Alijiambia ni uchovu. Kilichomkera hasa kilikuwa kingine. Mumewe alikuwa amebadilika. Alipiga mbinja akinyoa ndevu. Jioni alirudi ameshiba furaha, akamtazama mkewe usoni muda mrefu kama anayetafuta mtu ndani ya nyumba kupitia dirishani, halafu akakata tamaa na kuomba chai.

Mwanamke gani asiyejua maana ya hayo? Bi Mdogo alisahau kwato, akasahau na harufu. Alimbana Saisi nyuma ya ghala. Saisi, yule wa ulimi wa pilipili, safari hii alizungumza akitazama viatu vyake. Alikiri kwamba kila adhuhuri Meneja hujifungia chumba cha matandiko ya farasi na mwanamke, na kwamba husikika wakicheka. Mwanamke yupi, hakutaka kusema. Alimwomba tu Bi Mdogo aende nyumbani, tena alimwomba kwa upole ambao haukuwa wake.

Ikabidi ameze kiburi. Alimwomba Wifi aende akachungulie. Wifi alikwenda, akarudi jua limeshapoa, akafunga mlango wa jikoni kwa komeo.

"Umemwona?" Bi Mdogo aliuliza.

"Nimemwona."

"Ni nani?"

Wifi alikaa. "Wewe adhuhuri ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nililala."

"Hukulala." Alishusha sauti hadi ikawa pumzi tu. "Ni wewe, wifi yangu. Umekaa juu ya pipa la shayiri, unasugua tandiko kwa sabuni. Kaka yangu kakaa chini, kaegemea magoti yako, anacheka. Ila sauti si yako."

"Ya nani?"

"Usinilazimishe kuitaja humu ndani."

Mtu mwingine angeogopa kwanza. Bi Mdogo aliogopa, ndiyo, lakini chini ya woga kulikuwa na kitu cha moto zaidi, nacho ni kwamba mumewe alicheka, kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hajawahi kukaa chini na kuegemea magoti yake, na sasa ameyaegemea magoti hayo hayo, yake, ya mwili wake aliouogesha na kuupaka mafuta kwa ajili ya mume huyo, mradi tu yeye mwenyewe asiwemo. Alikuwa anauonea wivu mwili wake.

Wifi ndiye aliyemleta Fundi. Huyu alikuwa mama mshona sare za shule, na alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuiandikia tangazo. Alifika na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akanusa ukumbi, akaomba shuka jeupe na maji. Meneja naye aliitwa. Alipoulizwa, alisema polepole kwamba alidhani mkewe anamfurahisha tu, anamwigizia marehemu. Hakuna aliyemwamini, hata yeye.

"Wafu hawarudi," Fundi aliwaambia. "Huyu si marehemu. Ni jini tu, mpita njia. Jina likiitwa na watu wengi kila siku, miaka na miaka, linakuwa nyumba. Kaingia, kakaa, kazoea kuitwa. Ninyi mmebomoa nyumba mkadhani na mpangaji kafa." Akamgeukia Bi Mdogo. "Dawa nyepesi ipo, mwanangu. Rudisheni kibao. Atarudi langoni mwenyewe, hata hamtamsikia."

"Kibao hakirudi," Bi Mdogo alisema.

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu siku niliyoolewa, mama."

Wifi alimshika mkono, akamsihi kwa sauti ya chini aache ushindani na maiti. Bi Mdogo aliutoa mkono wake. Angekubali kwato, angekubali harufu, lakini si kupita tena chini ya jina lile kila asubuhi, akiwa mdogo wa mtu asiyekuwepo.

Fundi akashusha pumzi. Ilibaki njia moja, akasema, nayo ngumu. Jini huyo atolewe na aliyemkaribisha. Meneja amwite kwa jina analoitikia, na akishaitika, amwambie aende. Akimwita na asimwambie aende, basi hatoki tena, kwa sababu mwenye nyumba atakuwa amemkaribisha kwa kinywa chake. "Na ukumbuke, baba, atakayekujibu si mkeo marehemu. Atakuwa na sauti yake, atajua na utani wenu. Si yeye." Meneja akaitikia kwa kichwa.

Bi Mdogo alikalishwa kwenye mkeka, akafunikwa shuka. Fundi alisoma maneno yake akimnyunyizia maji. Chini ya shuka kulikuwa na mwanga wa maziwa na pumzi yake mwenyewe, halafu harufu ya sabuni ikajaa, halafu kwato zikaanza, si ukumbini tena, bali ndani ya kifua chake, moja, kimya, nyingine, na safari hii hakupotea, alibaki macho kama mtu aliyesukumwa kwenye kona ya chumba chake, akaona mgongo wake unanyooka, akasikia shingo yake inalia kwa kugeuzwa, akahisi mguu wake wa kulia ukipanda juu ya goti la kushoto, mkao ambao hakuwahi kukaa maishani mwake.

"Mwite," Fundi alinong'ona.

Nje, kule uwanjani, farasi wote walikuwa wameacha kula.

"Bi Mkubwa," mumewe aliita.

Bi Mdogo hakuwahi kumsikia akilitamka jina lile. Mbele yake daima alisema "marehemu". Sasa alilisikia, na lilikuwa na vitu vyote alivyokuwa akivitafuta katika nyumba ile tangu alipoingia, na havikuwa vyake.

"Abee," kinywa chake kikajibu. Sauti nene, ya kuvuka uzio.

"Mwambie aende," Fundi alisema. "Mwambie sasa."

Kutoka kwenye kona yake Bi Mdogo alijaribu kupiga kelele kwamba kibao kirudi, kirudi leo, kiandikwe herufi kubwa kuliko za kwanza, yeye atashika ngazi, lakini mdomo haukuwa wake tena wa kusemea, na kupitia kitambaa cheupe alimwona mumewe anapiga magoti, anasogea, anaushika ukingo wa shuka kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemfunua bibi harusi.

"Umechoka na jua," Meneja alisema, huku akilia. "Njoo ndani upumzike."

Fundi alikusanya vitu vyake bila kumtazama mtu, akatoka.

Kibao kimebaki kilekile, Mwanga Mpya, na hakuna anayekigombania tena. Mji umepatana. Mke wa Meneja siku hizi anafundisha watoto kupanda farasi, sauti yake inafika barabarani, na farasi wanamfuata bila kamba. Kina mama wamesalimiana, mwenye duka amepaka ukuta wake chokaa. Wanasema mwanamke yule Mungu kamgeuza moyo, na kwa heshima wameanza kumwita Bi Mkubwa. Saisi peke yake aliomba kuacha kazi.

Wifi ndiye anayekonda. Alimpenda sana marehemu, kwa hiyo anajua kwamba huyu siye. Na hakutegemea kwamba atamkumbuka yule mshindani wake wa jikoni, na kiburi chake, na sufuria zake. Adhuhuri moja alijikaza akaenda, akasimama nje ya pazia la jikoni. Ndani mtu alikuwa anaosha vyombo.

"Wifi," aliita kwa sauti ndogo. "Wifi yangu, unanisikia?"

Maji yakafungwa. Pazia likavutwa, na uso ule anaoujua ukamtazama kwa ukarimu mkubwa, mikono ikijifuta kwenye kanga.

"Wifi yako katoka," ukasema. "Akirudi, nimwambie nani alikuja?"