Maziwa Kwenye Mizabibu

Siku waliyoanza kupogoa mizabibu, Adila alikata tawi la kwanza na mkono ukamlowa maziwa.

Alidhani macho yanamdanganya. Kitwana, bwana shamba aliyeletwa kutoka Dodoma kuwafundisha kazi, alikuwa amewaambia mapema kwamba mzabibu ukikatwa hudondosha maji, wasishtuke, ndiyo tabia yake. Lakini haya yalikuwa mazito na ya uvuguvugu, yakinukia kama kifua cha mama anayenyonyesha. Adila akakata tawi la mti wa jirani. Yakatoka maji matupu.

Kitwana alipoitwa kutazama, alicheka. "Dodoma mizabibu inalia machozi," alisema. "Nyie watu wa Pwani mmezidi kudeka, ya kwenu inalia maziwa."

Wenzake wakacheka. Adila hakucheka, kwa sababu alipajua pale aliposimama. Kabla ya hoteli, kabla ya nguzo na nyaya za kutambazia mizabibu, pale palikuwa uani kwao.

Shamba lile la Makurunge lilikuwa la babu zake. Bwana Ziyad, mfanyabiashara wa mjini Bagamoyo, alilinunua ajenge hoteli ndogo ya kifahari, wageni waamke wakitazama mizabibu na jioni wanywe mvinyo uliotengenezwa papo hapo. Watu walimsema sana, Mwislamu kupanda pombe, kisha wakaenda kumwomba kazi. Adila naye akaenda, maana shule ilikuwa imekatikia kidato cha pili na nyumbani hapakuwa na la kufanya. Kabla ya kuvunja nyumba, Bwana Ziyad alimtaka baba yake Adila, Mzee Mwinshehe, aonyeshe makaburi yote ya ukoo ili yahamishwe kwa heshima. Mzee aliyaonyesha, wafu wakapelekwa kuzikwa upya kwenye makaburi ya Dunda, hitima ikasomwa, na kila mtu akasema kazi imefanyika vizuri.

Jioni ya siku ile ya kupogoa Adila alirudi kwenye nyumba yao mpya akamkuta mama yake, Bi Miza, ameketi mkekani, kanga imelowa kifuani.

"Mama, una nini?"

"Sijui, mwanangu. Yametoka yenyewe."

Adila alikuwa kitinda mimba, na sasa alikuwa msichana mkubwa. Alimletea mama yake kanga kavu, na ile iliyolowa akaifua peke yake nyuma ya nyumba, baba asiione.

Tangu hapo Bi Miza akawa haonekani nyumbani saa saba mchana, saa ambayo Pwani watu hujifungia ndani na watoto hukatazwa kupita vichakani. Akirudi, hali chakula. Mashavu yalibonyea, bangili zikawa zinamvuka mkononi, lakini usoni alikuwa na furaha ambayo Adila hakuwahi kuiona kwake, na furaha hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. Aliona wazi kwamba mama yake anaisha.

Siku moja, wenzake walipokwenda kula, Adila alibaki shambani akajificha nyuma ya nguzo. Jua lilikuwa la utosi. Hapakuwa na upepo, wala ndege, wala sauti ya mafundi waliokuwa wakipiga rangi vyumba vya wageni. Mama yake akaja peku, akaketi chini ya mzabibu ule ule, akanyoosha miguu na kujitanda kanga kifuani kama afanyavyo mzazi mwenye mtoto mchanga. Mapajani hapakuwa na kitu. Lakini ile kanga ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na chini yake Adila alisikia mtoto akinyonya, taratibu, kwa pupa kidogo, kama mwenye njaa ya siku nyingi, na harufu ya udi ikamjia pamoja na harufu ya udongo uliochimbuliwa, akageuka kutafuta inatoka wapi, na hapo ndipo alipomwona mwanamke mrefu mwenye mavazi meupe amesimama karibu naye kabisa, jua likimpitia hadi ardhini bila kuacha kivuli, akimtazama mama na mtoto kwa uchovu, kama yaya anayengoja mtoto ashibe amchukue.

Adila akaanza kusoma Ayatul Kursiy, akakatizwa.

"Mwambie baba yako," yule mwanamke alisema kwa sauti ya chini, "nilimlea kwenye mnazi wangu, na mnazi mmeung'oa. Mimi nahama. Ila siwezi kumchukua mtoto asiye na jina. Nitamwitaje njiani?"

Usiku Mzee Mwinshehe alipoambiwa maneno hayo, aliinamisha kichwa. Akaeleza kwamba baada ya Adila alizaliwa mtoto wa kiume, akazaliwa maiti. Katika ukoo wao mtoto ambaye hakulia hahesabiwi. Hakupewa jina, hakuwekewa matanga. Wanaume walimzika chini ya mnazi wa uani, na Bi Miza hakuonyeshwa, kwa kuwa wanawake hawaendi mazikoni. Alipotakiwa kuonyesha makaburi, mzee hakuficha. Hakukumbuka tu kwamba na lile lilikuwa kaburi.

Wakamwita Bi Sabiha, mganga wa majini kutoka mjini. Alifukiza ubani, akamshika Bi Miza mkono, kisha akamgeukia mzee. "Huyu jini hafukuzwi. Hajakosea. Mpe mwanao jina umruhusu aende, la sivyo mkeo atanyonywa mpaka amalizike."

"Msimpe," Bi Miza alisema. "Nawaombeni. Akipata jina ataondoka."

Kesho yake alasiri, Bwana Ziyad akiwa amewapa ruhusa na kuwaondoa wafanyakazi, walikwenda. Bi Miza alipouona mzabibu alitaka kukimbia kuukumbatia. Adila alimshika kwa nguvu zote, akiisikia mifupa yake mikononi, huku mama akimsihi kwa jina lake, Adila mwanangu, niachie, na Adila akalia lakini hakumwachia. Mzee Mwinshehe alipiga magoti, akaweka mdomo karibu na udongo, akatoa adhana polepole kama anayemsomea mtoto mchanga sikioni. Kisha akaita, "Amin. Amin bin Mwinshehe."

"Naam, baba."

Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo, safi, mwenye adabu. Baada yake harufu ya udi ikapita kati ya mistari, ikaelekea upande wa bahari, ikaisha. Walipochimba ili wamhamishie Dunda na wenzake, walikuta udongo mtupu.

Maziwa yalikauka. Bi Miza akaanza kula, bangili zikatulia mkononi. Hoteli ilifunguliwa, taa zikaning'inizwa juu ya mizabibu, na wageni husema mahali hapa pana utulivu wa ajabu.

Lakini kila magharibi, kina mama wa jirani wanapowaita watoto wao waingie ndani, Bi Miza naye husimama mlangoni akaita mara moja, "Amin." Adila hujibana nyuma yake, akimwomba Mungu kusiwe na jibu. Na hakuna jibu, naye moyo humuuma vile vile.

Kisha mama huingia. Zamani mlango aliufunga kwa komeo. Siku hizi huurudishia tu.