Gunia la Kripsi Zisizo na Chumvi

“Baba Prisca, hili gunia ni la nani?”

Eliezeri alisimama mlangoni mwa stoo, ndoo ya maji mkononi. Mke wake Agatha alikuwa amepiga magoti nyuma ya mifuko ya mkaa, mkono umezama kwenye gunia jeupe lililojaa kripsi za ndizi. Akatoa moja, akaiinua kwenye mwanga. Haikuwa na tangawizi, haikuwa na pilipili. Kavu, tupu, haina hata vumbi la chumvi.

“Si nakuuliza? Ni la nani?”

“Ni letu.”

“Letu wapi? Zetu ziko mezani, Prisca anangoja zipoe azifunge. Hizi zimekaangwa na nani?”

“Mimi.”

“Saa ngapi?”

“Asubuhi, ukiwa kanisani kwenye maombi.”

“Mimi nakuombea wewe, wewe unawasha karai langu! Unampelekea nani?”

Eliezeri akaweka ndoo chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

“Mama Prisca, tuache hivyo.”

Angejua, simu angeiacha mfukoni. Ilikuwa juu ya pipa la mafuta, na saa ileile ikalia. Agatha akaiwahi. Ujumbe ulitoka kwa Husna, mjane mdogo anayeuza kripsi zao kwenye madirisha ya mabasi kule Hedaru. Akausoma kwa sauti:

“Baba, njoo leo kama kawaida. Mzigo nimeuficha chumbani kwangu. Mama asijue, nitakufa kwa aibu.”

Jamani! Hata ningekuwa mimi na meno yangu haya machache, ningeng’ata mtu.

“Kama kawaida!” Agatha alipiga ukelele, akatoka nao hadi uani. “Chumbani kwake! Majirani, njooni mwone! Mume wangu mwizi! Anaiba ndizi zangu, anaiba mafuta yangu, anamlisha hawara wake wa Hedaru!”

“Agatha, nyamaza. Prisca anasikia.”

“Asikie! Prisca, mwangalie baba yako vizuri. Mwizi ndiye huyo!”

Prisca, binti yao mkubwa, alisimama na pakiti mkononi, ameduwaa. Wateja waliokuwa getini wakajifanya wanaangalia milima.

“Niambie basi,” Agatha akasema. “Niambie ni uongo.”

“Siwezi kukwambia.”

“Huwezi au hutaki?”

“Siwezi. Nikikwambia nitakuumiza kuliko hivi.”

“Basi toka. Rudi kwa mama yako Ugweno, ukamkaangie naye.”

Akatoka. Alichukua koti tu.

Nirudi nyuma kidogo, wajukuu zangu, mjue penzi lililokuwa linavunjwa pale uani. Zamani Eliezeri alikuwa akishusha ndizi mbichi kutoka Ugweno hadi hapa Same, anamuuzia mama yake Agatha, ambaye ndiye aliyeanzisha karai lile. Agatha alikuwa msichana wa kuonja. Akiweka kipande mdomoni alikwambia chumvi imezidi kiasi gani, na tangawizi ni ya msimu huu au ililala. Siku moja kijana akamwambia:

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Mlinzi wangu hana miguu, lakini hakuna chakula kinachopita mlangoni bila kumsalimia.”

“Ulimi!”

“Basi wako ndio nimekuja kuuposa. Wewe mwenyewe utaufuata tu.”

Agatha alicheka mpaka kisu cha kumenyea kikamdondoka. Mwaka haukuisha, harusi ikafungwa.

Sasa niwafunulie lile ambalo Agatha hakumwambia mtu. Wakati wa masika yaliyopita aliugua homa kali, akalala wiki nzima. Alipoinuka, chai ilikuwa maji ya moto tu. Tangawizi ilikuwa kama kutafuna karatasi. Alisubiri siku, akasubiri mwezi, ladha haikurudi. Akanyamaza. Akaendelea kunyunyiza chumvi kwa mazoea ya mkono, kila karai akiweka kipande mdomoni, anafumba macho, anasema, “Iko sawa,” na wote wanaitikia. Mwanamke aliyejulikana Same nzima kwa ulimi wake, angemwambia nani kwamba ulimi huo umekufa?

Eliezeri alipoondoka, haikupita wiki simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa Vitus, mwenye duka karibu na stendi.

“Shikamoo mama Prisca.”

“Marahaba. Unataka mzigo?”

“Mama, nisamehe. Mzigo huu ni wa kula au wa kukaushia ngozi ya mbuzi?”

“Una maana gani?”

“Chumvi, mama! Mteja ameng’ata moja, amekunywa maji yangu ya dukani bila kulipa.”

Agatha akakata simu. Nyuma yake Prisca alikuwa amesimama na kripsi mkononi.

“Mama, onja hii.”

“Nimeshaonja. Iko sawa.”

“Haiko sawa, mama. Haikuwa hivi baba alipokuwepo.”

“Usinitajie huyo! Karai hili bibi yako alikuachia wewe au aliniachia mimi?”

Prisca akatema kipande kwenye kiganja, akaangua kilio. Agatha hakusubiri tena. Akajifunga kitenge, akapanda basi la Hedaru. Moyoni alikuwa na jibu lake tayari: yule mwanamke amemfanyia dawa, ameharibu biashara kama alivyoharibu ndoa.

Alimkuta Husna kando ya barabara, beseni kichwani, malori yakipita na vumbi lake.

“Wewe! Shusha hilo beseni tuongee!”

Husna akamtazama, akashusha.

“Umekuja kunipiga, mama?”

“Nikikupiga utanirudishia mume?”

“Sina mume wako. Nina mzigo wako. Njoo uuone, ukimaliza unipige.”

Akamtangulia hadi kwenye chumba chake cha kupanga. Nyuma ya kitanda kulikuwa na maboksi yamepangwa hadi dirishani, yamejaa pakiti zilizofunguliwa. Kila pakiti ilikuwa na picha ya Agatha mwenyewe akitabasamu.

“Hizi ni nini?”

“Ulizokuwa unaniletea wewe mwenyewe, mama. Watu walinirudishia. Dereva mmoja wa lori alinirushia pakiti usoni. Nikampigia baba, wewe niliogopa. Akaja, akaonja hapo uliposimama.” Husna akameza mate. “Mama, sijawahi kuona mwanaume mzima akilia na kripsi mdomoni.”

“Akasema nini?”

“Akasema, ‘Mke wangu ameumwa, ulimi haujarudi. Hataki nijue. Basi sijui.’ Toka siku hiyo akawa anakaanga zake zisizo na chumvi. Ukishaondoka kwenda kwenye vikoba vyako, anazichanganya na zako, chumvi inapungua, ndipo zinafungwa. Zilizokwishaharibika ndizo alikuwa anakuja kuzichukua huku kidogo kidogo, azitupe mbali, zisirudi Same ukaziona.”

Agatha akakaa kitandani. Hakuomba maji wala hakulia.

“Na mimi nikamwita mwizi,” akasema.

“Mbele za watu?”

“Mbele ya mtoto wake.”

Husna akaketi kando yake. Akamshika bega tu.

Ndani ya basi Agatha akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena: “Baba Prisca, nimetoka kwa Husna. Nimeona. Nakuja Ugweno.”

Jibu lilichelewa mpaka basi limepita Lembeni.

“Mvua imenyesha huku, njia inateleza. Panda boda ya Aminieli, yeye haendeshi kwa fujo.”

Hapo ndipo Agatha alipolia, hadi abiria wa pembeni akampa leso.

Mama yake Eliezeri alikuwa jikoni, anamenya ndizi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umekuja kumalizia matusi yaliyobaki?”

“Nimekuja kuomba radhi, mama.”

“Mwenye radhi yuko shambani, kwenye kahawa. Na usipige kelele, majirani zangu hawajazoea.”

Alimkuta mumewe anapogoa matawi. Alikuwa amekonda. Hakugeuka.

“Ulijua lini?” Agatha akauliza.

“Siku ulipotia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Ulikunywa kikombe chako mpaka kikaisha.”

“Na wewe?”

“Na mimi nikamaliza changu. Ungeniona nimeacha, ungejua.”

“Kwa nini hukuniambia, mume wangu?”

“Wewe kwa nini hukuniambia?”

Agatha akashika tawi la kahawa, likatikisika, matone yakamlowesha.

“Uliniposa kwa ulimi wangu. Niliogopa. Bila huo mimi ni nani?”

“Maneno ya ujana yale! Mimi nimelala na wewe, nimezaa na wewe. Ulimi nilikuwa na wangu.”

“Nisamehe. Twende nyumbani.”

Eliezeri akafuta kisu kwenye suruali, muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

“Nimekusamehe. Nitarudi. Ila ujue kitu, Agatha. Uliponiita mwizi, Prisca aliniangalia mikono. Aliitazama hii mikono kama anatafuta nilichoiba. Lile jicho nitarudi nalo nyumbani, na sijui nitaliweka wapi.”

“Nitamwambia ukweli.”

“Mwambie. Lakini alishaniangalia.”

Hawakushikana mikono wakati wa kushuka. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine, na pale penye utelezi Eliezeri alisimama, akangoja mpaka mkewe apite.

Jikoni yule bibi, mama yake Eliezeri, alikuwa amepakua ndizi na nyama. Akamsogezea mkwe sahani ya kwanza, kama alivyofanya miaka yote, akasubiri hukumu.

“Haya, bingwa wa Same. Chumvi imekolea?”

Agatha akaweka kijiko mdomoni. Akafumba macho. Eliezeri aliinamisha kichwa, hakumsaidia.

“Sijui, mama,” akasema.

“Hujui nini?”

“Sisikii ladha tena. Tangu masika. Nimewadanganya wote.”

Bibi akashusha upawa. Akamwangalia mwanawe, akamwangalia mkwewe. Eliezeri akaivuta sahani ya mkewe, akachota kidogo, akaonja.

“Imekolea,” akasema, akaisukuma kwake tena.

Agatha akala. Machozi yakamshuka mashavuni hadi midomoni, na hata chumvi ya hayo hakuisikia.